Mishipa Iliyovimba Miguuni: Dawa za Nyumbani Zifaazo na Zisizofaa

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, katika soko la Keroka, katika mashamba ya chai ya Kebirigo na Nyansiongo, na kwa wachonga mawe wa Tabaka, wako watu wengi ambao ifikapo jioni miguu yao huwa mizito na huuma. Wakiitazama huona mishipa ya rangi ya buluu imejitokeza kwenye shavu la mguu, imejipinda kama mizizi ya mti juu ya ardhi. Wengine huificha kwa haya. Wengine hutafuta majani ya kupaka au kunywa, na hupoteza fedha na miezi mingi. Somo letu laeleza ugonjwa huu ni kitu gani, ni dawa zipi za nyumbani zimsaidiazo mgonjwa, na ni wakati gani hapana budi aende hospitali.

ASILI YA UGONJWA

Moyo husukuma damu mpaka kwenye vidole vya miguu. Damu hiyo lazima irudi tena moyoni, na mtu akiwa amesimama, safari hiyo ni ya kupanda. Kila mwenyeji wa Kisii na Nyamira aijua kazi ya kuteka maji bondeni na kuyapandisha nyumbani kilimani. Maji hayapandi yenyewe. Basi kipandishacho damu ni minofu ya shavu la mguu. Mtu akitembea, minofu hiyo hujikaza kila hatua na kuikamua mishipa, na damu husukumwa juu.

Ndani ya mishipa hiyo vimo vilango vidogo vifungukavyo upande mmoja tu, ili damu iliyokwisha kupanda isirudi chini. Mwaka 1603 mwalimu wa udaktari wa mji wa Padua, Italia, aitwaye Hieronymus Fabricius, alitoa kitabu juu ya vilango hivyo. Mwanafunzi wake Mwingereza, William Harvey, ndiye aliyeonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini, na kwamba kazi ya vilango ni kuizuia isirudi nyuma.

Vilango vikilegea, damu huteremka na kujaa chini. Mshipa hutanuka, hurefuka na kujipinda. Mara nyingi ugonjwa huu huonekana katika ukoo mmoja, kwa mama na binti zake. Huwapata zaidi wanawake waliozaa mara nyingi, wazee, watu wanene, na wale wasimamao au kukaa mahali pamoja kutwa: muuza ndizi, mwalimu, mpishi, fundi wa kushona, mchonga mawe. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na kukanyaga dawa iliyotegwa na adui.

JARIBIO

Msomaji, acha mkono wako uning'inie kando ya mwili kwa muda wa dakika moja, kisha utazame mgongo wa kiganja. Utaona mishipa imejaa. Sasa uinue mkono juu ya kichwa na ungoje kidogo. Mishipa imenywea, karibu haionekani. Hakuna dawa iliyonywewa wala iliyopakwa; damu imeteremka tu kuelekea moyoni. Matunzo yote mema ya ugonjwa huu nyumbani yamo katika jambo hilo moja: kuisaidia damu irudi moyoni.

DAWA ZA KUPAKA NA KUNYWA

Watu hupaka siki, kitunguu saumu, mshubiri na majani ya namna nyingi. Hatusemi kwamba vitu hivyo vyote ni bure. Mafuta hulainisha ngozi kavu iwashayo, na mshubiri huipoza. Walakini kilango kilicholegea kimo ndani ya mshipa, wala hakuna cha kupaka kinachoweza kukikaza tena.

Huko Ulaya dawa itengenezwayo kwa mbegu za mti mmoja wa nchi hizo imejaribiwa, ikaonekana kwamba hupunguza maumivu na uvimbe kwa muda mfupi. Lakini mbegu zenyewe zikiwa mbichi ni sumu, na sifa ya mti huo haiwezi kuhamishiwa mti mwingine wa hapa kwetu. Kadhalika asali imesifiwa sana kwa vidonda vya miguu vitokanavyo na ugonjwa huu. Mwaka 2008 watafiti wa New Zealand walitangaza matokeo ya kuijaribu kwa wagonjwa mia tatu na zaidi, ambao wote walifungwa bendeji za kubana. Vidonda vilivyotiwa asali havikupona upesi kuliko vile vilivyofungwa kwa vitambaa vya kawaida.

Yako mambo yaletayo madhara. Usichanje mishipa hiyo kwa wembe, wala usipige chuku juu yake. Usitie kidondani majivu, tumbako wala mavi ya ng'ombe, kwa maana pepopunda huweza kuingia kwa njia hiyo.

MATUNZO YAFAAYO NYUMBANI

1. Lala chali na kuweka miguu juu kuliko moyo kwa muda wa dakika 15, mara tatu au nne kila siku. Usiku weka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kulalia nyayo, ili uinuke kiasi cha sentimita 10 hadi 15.

2. Usisimame kimya. Aliye sokoni na ainue visigino na kuvishusha mara 20, kisha apumzike na kurudia. Akaaye kwa kazi na apindishe nyayo juu na chini, na kila baada ya muda ainuke atembee.

3. Tembea kila siku. Vilima vyetu, ambavyo watu huvinung'unikia, ni msaada kwa minofu ya miguu.

4. Punguza unene ikiwa umezidi. Kula mboga kama mnavu na mgagani, ambao Wagusii huuita chinsaga, na matunda, na unywe maji ya kutosha, ili usijikamue sana chooni.

5. Linda ngozi. Ioshe, ipake mafuta, usijikune, na uvae viatu na nguo ndefu uendapo shambani.

6. Soksi za kubana na bendeji za kuvutika hufaa sana. Huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, nazo hubana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zipandavyo. Lakini kwanza mguu upimwe na daktari au muuguzi, hasa kwa mwenye kisukari au mvutaji wa sigara. Maana ikiwa mishipa iletayo damu mguuni imeziba, kubana huko kwaweza kuuharibu mguu.

MAMBO MATATU YA HATARI

La kwanza ni kutoka damu. Ngozi iliyo juu ya mshipa uliovimba huwa nyembamba. Mwiba, ukwato wa mbuzi, au kucha tu huweza kuitoboa, na damu ikatoka kwa wingi bila maumivu makubwa. Watu wamekufa kwa sababu hiyo, ijapokuwa kuizuia ni kazi nyepesi. Usimkalishe mgonjwa kitini. Mlaze chini, inua mguu juu kuliko moyo, weka kitambaa safi juu ya tundu, ukandamize kwa nguvu bila kuachilia kwa dakika 10. Usifunge kamba juu ya tundu, kwa kuwa kamba huizuia damu isirudi moyoni, nayo huzidi kutoka. Kisha mpeleke hospitali.

La pili ni damu kuganda ndani ya mguu. Mguu mmoja ukivimba ghafula, ukawa na joto na maumivu, usiukande wala kuusugua, maana bonge la damu huweza kung'oka na kwenda mapafuni. Mwenda hospitali siku iyo hiyo atakuwa amefanya vema. Na kama kifua chambana au pumzi ni fupi, asingoje hata saa moja. Wanawake wenye mimba na waliojifungua karibuni na wajiangalie zaidi. Mwenye mimba akivimba uso na mikono, na kichwa kikamuuma, huo ni ugonjwa mwingine, nao pia ni wa haraka.

La tatu ni kidonda. Huanza kwa kuwashwa na ngozi kugeuka rangi juu ya kifundo, upande wa ndani. Kidonda kisichopona kwa majuma mawili si cha kuficha nyumbani.

MSAADA WA HOSPITALI

Mgonjwa na aanze katika zahanati iliyo karibu. Akihitaji zaidi, huweza kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, hospitali kuu ya Kaunti ya Nyamira, au hospitali ya misheni ya Tabaka. Madaktari huweza kuufunga mshipa mbovu kwa sindano ya dawa au kwa joto, ama kuutoa kwa kupasua. Damu hupita katika mishipa mingine iliyo mizima. Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba wenye vidonda waliofungwa mshipa mapema walipona upesi kuliko waliocheleweshwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni kitu gani kipandishacho damu kutoka miguuni?
2. Kwa nini dawa ya kupaka haiwezi kuuponya mshipa uliovimba?
3. Mshipa ukitoboka, utafanya nini kwanza?

Mfundishe jibu la swali la tatu kila mtu wa nyumba yako, hata watoto. Kwa maana damu ikitoka, hapatakuwa na nafasi ya kwenda kuuliza.