Jalidi Hubisha Hodi Jioni



Mwezi wa Septemba 2008, watu wa karibu na Nyahururu waliona kilima kimegeuka cheupe. Wengi walikimbia kuangalia, wakasema ni theluji. Idara ya Hali ya Hewa ikaeleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe: vijiwe vidogo vya barafu vilianguka kwa wingi, vikashikana kama shuka moja.

Je, tofauti hiyo inatuhusu nini? Inatuhusu sana, kwa sababu barafu nyingine huwezi kuijua mapema, na nyingine unaweza.

Theluji hutoka mawinguni na kufika chini bila kuyeyuka, kwa kuwa hewa ya njiani ni baridi. Hapa kwetu tunaiona kileleni mwa Mlima Kenya. Mvua ya mawe hutoka katika mawingu marefu ya ngurumo. Inaweza kupiga shamba moja na kumruka jirani, na hakuna awezaye kukuambia jana yake kwamba itakuangukia wewe. Lakini jalidi haianguki. Hutengenezeka pale pale shambani usiku, na dalili zake huonekana jioni.

Sisi tulijifunza haya kwa hasara. Kikundi tulichokuwa tukikitembelea kule Kinangop kilipanda viazi bondeni kwa pesa za mkopo. Hata sisi tulilisifu shamba lile kwa kuwa lilikuwa karibu na maji. Asubuhi moja ya Januari majani yalikuwa meupe. Kufika mchana yalikuwa meusi, kama yamemwagiwa maji moto. Shamba la jirani, juu kidogo kwenye mteremko, halikuguswa. Basi maneno yakaanza: nani ana wivu, nani ana jicho baya. Kikundi kikakaribia kuvunjika.

Kumbe hakukuwa na mchawi. Hewa baridi ni nzito. Usiku huteremka polepole kama maji na kutulia bondeni. Sisi tulipanda viazi ndani ya birika la baridi.

Dalili za kuangalia jioni

1. Anga ni wazi, nyota zote zinaonekana. Mawingu ni blanketi ya ardhi. Yakikosekana, joto la mchana hutoroka.
2. Upepo umetulia kabisa, na moshi wa jikoni unatanda bondeni.
3. Hewa ni kavu, kama ilivyo mara nyingi kati ya Disemba na Februari.
4. Baridi inaingia mapema, mara tu jua likizama.

Dalili moja peke yake isikutie hofu. Zikija zote nne pamoja, jiandae usiku huo huo, maana baridi huzidi kuelekea alfajiri. Mwenye kipimajoto asidanganyike: kikiwa kimo cha kifua kinaweza kusoma nyuzi 3 au 4, na huku chini majani yameganda.

La kufanya

Funika kitalu kwa nyasi au magunia kabla ya giza, ufunue jua likitoka. Udongo ukiwa mkavu, umwagilie mchana, kwani udongo wenye maji huhifadhi joto zaidi. Ua ulioziba chini ya shamba ufunguliwe nafasi ili baridi ipite. Bondeni panda nyasi ya ng'ombe au kabeji, ambayo huvumilia kuliko viazi. Viazi na maharagwe vipande juu. Tena sikilizeni utabiri wa redio, mkiulinganisha na mnayoyaona wenyewe.

Hata wenye mashamba makubwa hawakuponea: Januari 2012 jalidi ilichoma chai nyingi katika Bonde la Ufa. Huwezi kuizuia baridi, lakini waweza kutolala ukiwa hujajiandaa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, baridi hutulia wapi? Chora ramani chini kwa kijiti.
2. Ni nani atakayeangalia anga kila jioni na kuwajulisha wengine?
3. Je, tumewahi kumlaumu mtu kwa hasara iliyoletwa na hali ya hewa? Tufanye nini kupatana naye?