Kuziba Pengo la Jino Kwenye Alaina

Unavaa alaina, zile plastiki nyembamba angavu za kunyoosha meno, na meno yanasogea vizuri. Ila jino moja la mbele halipo, na kwa kuwa plastiki ni angavu, pengo linaonekana vilevile. Usijifiche nyuma ya kiganja ukicheka. Jino linaweza kupakwa rangi ndani ya alaina yenyewe, na sehemu ya kazi hiyo utaifanya mwenyewe nyumbani.

Anza kwa kumuuliza daktari swali moja: pengo hili tunalifunga au tunalitunza? Kama meno yanasogezwa yakutane, nafasi itazidi kupungua kila unapobadilisha alaina, na jino la kupaka nalo litapungua hadi lisihitajike. Kama nafasi inatunzwa kwa ajili ya implanti, yaani jino la bandia linaloshikwa na skrubu mfupani, au daraja linaloshikwa na meno ya jirani, utakaa na jino hilo la muda mpaka mwisho wa matibabu, na baada yake pia.

Swali la pili liulize kabla hujakubali mpango. Penye pengo, alaina inaweza kutengenezwa ikiwa bapa, au ikiwa na umbo tupu la jino. Madaktari huliita umbo hilo pontiki. Bila hilo huna pa kupaka chochote. Daktari akikuonyesha kwenye kompyuta jinsi meno yatakavyosogea, mwambie asimamishe picha penye pengo akuonyeshe pontiki iko wapi. Kuiongeza wakati huo ni rahisi. Alaina zikishatengenezwa, ni kuagiza upya.

Pengo liko nyuma kwenye magego? Achana nalo. Hakuna atakayeliona, na wewe una kazi nyingine za kufanya.

Sasa, lizibwe kwa nini? Kliniki nyingine hujaza pontiki kwa kompoziti, ile ya kuzibia meno, kisha huigandisha kwa taa ya bluu. Nyingine hutumia silikoni nyeupe ya vipimo. Yote mawili yanafanya kazi, lakini ukijaza pontiki mpaka pomoni plastiki inakakamaa, na kilichojazwa kikifika chini kinagandamiza ufizi. Kompoziti nayo haishiki sana kwenye plastiki laini, kwa hiyo huweza kuchomoka kama kipande.

Njia ya tatu ni rangi maalumu ya pontiki, yenye rangi ya meno, inayopakwa upande wa ndani wa ukuta wa mbele. Kwa alaina utakayoivaa wiki moja au mbili tu, mimi nachagua rangi. Ni nyepesi, ni ya haraka, na anayekutazama haoni zaidi ya ukuta huo wa mbele. Mwombe daktari akupe chupa na brashi, akuonyeshe mara moja hapo hapo kitini.

Usibuni mbadala. Rangi ya kucha na supagluu hazikutengenezwa kukaa mdomoni kutwa nzima. Chingamu na nta ya mshumaa hutoka njiani. Zile chembe za plastiki za kutengenezea meno nyumbani, zinazolainishwa kwa maji moto, zinaweza kuipinda alaina, na alaina iliyopinda haisogezi meno inavyotakiwa.

Rangi ichaguliwe mchana, karibu na dirisha, ukiwa umefuta lipstiki. Ichaguliwe mwanzoni mwa miadi pia, maana meno yakikauka kwa kukaa mdomo wazi huonekana meupe kuliko kawaida yake. Kile kibao cha vijino vya kulinganishia, kama ni cha VITA Classical, kina rangi 16, kutoka A1 hadi D4. Daktari akilinganishe na jino la jirani ukiwa umevaa alaina, kwa sababu ndivyo watu watakavyokuona.

Umekulia Arusha, Meru au sehemu za Bonde la Ufa ambako maji yana floridi nyingi? Kama meno yako yana madoa ya kahawia, kataa jino jeupe pe. Litajitangaza peke yake katikati ya wenzake. Omba rangi iliyokoza kidogo.

Mazoezi yafanyie kwenye alaina ya zamani, ile uliyokwisha kuivua. Ikiharibika hujapoteza kitu.

Ukiwa tayari, osha alaina kwa maji baridi, ikaushe kabisa. Unyevu ukibaki, rangi haitashika. Igeuze ili tundu la pontiki litazame juu. Chovya ncha ya brashi, kung'uta ya ziada, kisha paka ukuta wa mbele kwa ndani, ukianzia katikati. Kwenye makali ya kung'atia pitisha kidogo sana. Makali ya jino halisi hupitisha mwanga kiasi, na ukiyapaka mazito jino linakuwa kama plasta ya ukutani.

Upande wa ufizi simama pale ufizi wa meno ya jirani unapoanzia. Ukipitiliza, jino litaonekana refu kuliko wenzake. Na angalia sana pembeni. Rangi isiingie kwenye vyumba vya meno ya jirani hata chembe, maana utando huo mdogo unaweza kuizuia alaina isikae sawasawa, na hapo unavuruga matibabu kwa ajili ya urembo. Ikimwagika, ifute ikiwa mbichi kwa kijiti cha pamba.

Acha ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha paka mkono wa pili. Mikono miwili myepesi inapendeza kuliko mmoja mzito. Vaa, rudi hatua mbili kutoka kwenye kioo, tabasamu. Usijikague ukiwa umegusa kioo kwa pua, hakuna mtu atakayekutazama hivyo.

Paka alaina inayofuata tu, jioni moja kabla ya kubadilisha. Ukizipaka zote kwa mkupuo halafu daktari akabadilisha mpango, umepoteza rangi na muda. Na kama pengo linafungwa, pontiki ikishakuwa nyembamba kama punje ya mchele acha kupaka. Kijino hicho chembamba huvuta macho kuliko pengo.

Kila ukivua alaina siku za mwanzo, tazama ufizi wa penye pengo. Ukiona alama nyekundu au bonde dogo, au ukisikia maumivu, kuna kitu kinagandamiza. Irudishe kliniki ipunguzwe, usiichokonoe kwa wembe. Jino likiwa limeng'olewa karibuni, usiweke chochote hapo mpaka daktari aseme kidonda kimepona.

Alaina hukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku, na huvuliwa wakati wa kula. Maana yake ni kwamba mezani pengo litaonekana. Kama una harusi na hutaki maswali, kula nyumbani kwanza, pale ukumbini shika glasi ya maji baridi. Wanaofunga Ramadhani wana nafuu yao, kwa kuwa mchana kutwa alaina haina sababu ya kutoka. Ukiivua, iweke kwenye kikopo chake. Ukiifunga kwenye tishu, anayesafisha meza ataitupa na jino lako ndani.

Chai, kahawa na mchuzi wenye manjano hutia plastiki rangi, na jino lako jipya litaonekana la njano ingawa rangi ya ndani haijabadilika. Vua kwanza, sukutua kabla ya kuvaa tena. Safisha kwa mswaki laini na sabuni isiyo na rangi, kwa maji baridi. Ndani ya pontiki usisugue.

Kipande cha kompoziti kikichomoka, kitoe na usikigundishe tena. Endelea kuvaa alaina ikiwa na tundu tupu mpaka uonane na daktari. Kukaa siku tatu na pengo si kitu, kukaa siku tatu bila alaina meno yanaanza kurudi yalikotoka.

Matibabu yakiisha na nafasi inasubiri implanti, agiza ritena, ile ya kuyashika meno yasirudi yalikotoka, yenye pontiki iliyojazwa. Hapa kompoziti au akriliki ina faida, kwa sababu utaivaa kwa miezi mingi wakati mfupa unashikana na skrubu. Omba mbili kwa pamoja, moja ibaki kabatini. Siku jino la kudumu litakapopachikwa ritena hizo hazitaingia tena, utachukuliwa vipimo vipya, kwa hiyo bei ya ritena ya tatu iulize leo.