Umeme wa waya mmoja, mchele wa meli: Zanzibar ijifunze nini?

Mei 21, 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Juni 18. Desemba 10, 2009 ukakatika tena, na safari hii kisiwa kilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu, hadi Machi 2010. Haikuwa vita wala kimbunga. Ilikuwa ni hitilafu katika njia moja ya umeme, ule waya uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba.

Ikumbukwe kuwa kilichosimama si taa peke yake. Pampu za visima zilisimama, watu wakahangaika na ndoo. Mwaka huohuo wa 2008 bei ya mchele ilipanda duniani kote, baada ya nchi zinazouza, zikiwemo India na Vietnam, kubana mauzo yao ya nje. Kwa kisiwa ambacho sehemu kubwa ya mchele wake huja kwa meli, hayo yalikuwa mapigo mawili kwa wakati mmoja.

Ni kweli kwamba hatua zimechukuliwa. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa kwa waya kutoka Tanga, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili wa megawati 100. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini waya wa pili nao unatoka kulekule ulikotoka wa kwanza, na wala hauongezi hata pishi moja ya mpunga. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sisemi tuukate waya wala tuzuie meli. Ninachosema ni kwamba kila kijiji kiwe na kitu chake cha kushika siku waya na meli vitakapochelewa.

Je, inawezekana? Tuangalie mifano iliyopo hapahapa visiwani.

Wa kwanza ni Kinyasini, Kaskazini Unguja. Huko kuna kituo cha Barefoot College kinachowafundisha wanawake wa vijijini, wengi wao watu wazima waliosoma kidogo sana, ufundi wa umeme wa jua. Kabla ya hapo wanawake wa Zanzibar walipelekwa Tilonia, India kujifunza kazi hiyo. Mama huchaguliwa na kijiji chake, hujifunza kwa miezi kadhaa, kisha hurudi kufunga na kutengeneza taa za majirani zake, nao humlipa kidogo kidogo. Hapo jua ni la bure, lakini thamani kubwa zaidi ni kwamba fundi anaishi mtaa wa pili.

Wa pili ni shamba. Kilimo shadidi cha mpunga hupandikiza miche michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja kwa nafasi ya kama sentimita 25, na bonde hunyweshwa kwa vipindi badala ya kujazwa maji muda wote. Mbegu zinaokolewa, na maji pia. Kwenye ardhi ya juu, wazee wetu walikuwa wakichanganya minazi, migomba, muhogo na pilipili manga iliyopandia juu ya mti. Tukiongeza mboji na matandazo ya majani, udongo hushiba mwaka hadi mwaka. Kinyume chake ni kuchoma uwanda kila msimu na kukata miti ya makaa. Bandu bandu huisha gogo.

Wa tatu ni bahari. Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, Madagascar walifunga sehemu ya mwamba wao ili pweza wakue. Pweza hukua haraka, hivyo miezi michache tu inatosha kubadili uzito wake. Kisiwa Panza, Pemba nao wamefuata njia ya kufunga na kufungua. Lakini tuseme ukweli: gharama ya kufunga huwaangukia kwanza akina mama wanaotegemea pweza wa siku hiyohiyo maji yakikupwa. Kamati inayofunga mwamba bila wao kuwemo inawanyang'anya kitoweo.

Ndugu msomaji, mafunzo ya mifano hii mitatu ni mamoja. Tumeona mara ngapi paneli ziking'aa juu ya paa ilhali betri imekufa, mradi umekwisha na wafadhili wameshaondoka? Kwa hiyo kila mradi unapoletwa kwenye shehia, mimi napendekeza wananchi waulize maswali manne. Mali hii ni ya nani kwa maandishi? Ikiharibika, nani ataitengeneza, na anakaa wapi? Fedha ya betri mpya inawekwa wapi kuanzia mwezi wa kwanza? Na je, baada ya miaka kumi udongo, miti na mwamba vitakuwa vimeongezeka au vimepungua?

Wala umiliki wa namna hii si mgeni kwetu. Tunaijua wakfu: mali haiuzwi, mazao yake yanahudumia watu, na msimamizi hutoa hesabu. Kwa nini pampu ya jua ya kisima cha kijiji isiwekwe kwa utaratibu huo, na daftari lake likasomwa hadharani kila mwezi?

Serikali ina sehemu yake: kuyalinda mabonde ya mpunga yasigeuzwe viwanja, na kuwapa nguvu ya kisheria wanaolinda misitu na miamba yao. Lakini kikao cha kwanza hakihitaji kibali cha mtu. Kinahitaji sheha, mkulima, mvuvi, mama wa pweza na kijana fundi wakae chini ya mwembe mmoja, waanze na swali la kwanza.