Somo la Maji: Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Salama



Somo hili limetayarishwa ili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa chama au katika kikundi cha kusoma, huku majaribio yake yakifanywa mbele ya wote. Vyombo vinavyotakiwa ni vya kawaida: bilauri, chupa za plastiki, sufuria, mchanga na chumvi. Inafaa Katibu amwalike mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani pamoja na wanafunzi wachache, kwa kuwa majaribio haya ni yale yale yanayofanywa darasani. Ataona kuwa watoto wanayajua vizuri. Lakini mara nyingi somo huishia pale maji yanapong'aa, na hapo ndipo penye hatari.

Kwa nini chama kishughulikie maji

Mto Zigi hushuka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani, ambalo maji yake hutumiwa na Jiji la Tanga. Mto Pangani hutoka pande za Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, kisha humwaga maji yake baharini. Wakati wa masika mito hii hubeba udongo wa mashambani na kubadilika rangi. Upande wa pwani, kutoka Mkinga hadi Pangani, visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi hata yakiwa maangavu. Basi mwanachama mmoja analalamikia tope na mwingine chumvi. Wote wawili wanaye adui wa tatu asiyeonekana kwa macho, yaani vijidudu vya maradhi.

Kipindupindu kiliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1974, na kuanzia 1977 kikaenea sana. Mwezi Agosti 2015 kilizuka tena Dar es Salaam, kikasambaa katika mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar. Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya maradhi yanayozuilika. Somo hili linafuata desturi hiyo.

Jambo hili linakihusu chama moja kwa moja. Siku ya kupima mazao watu wengi hukusanyika ghalani, nao hunywa maji ya mtungi mmoja kwa kikombe kimoja. Mtungi huo ukiingiwa na vijidudu, ugonjwa utarudi nyumbani pamoja na wanachama.

Jaribio la kwanza: kutuliza tope

Jaza chupa mbili maji ya tope. Moja iache kama ilivyo. Kwa ile ya pili tumia mbegu za mlonge zilizokauka mtini: ondoa maganda, twanga kiini cheupe mpaka kiwe unga. Kwa maji yenye tope jingi, kadiria mbegu moja kwa lita moja. Koroga unga katika maji kidogo, chuja kwa kitambaa safi, kisha mimina ndani ya chupa. Tikisa kwa nguvu dakika moja, halafu geuzageuza polepole kwa dakika kumi. Ziache chupa zote zitulie saa moja au mbili.

Chupa yenye mlonge itatakata mapema zaidi. Chembe za udongo ni ndogo mno, nazo husukumana, hivyo hukawia kutua. Ndani ya mbegu ya mlonge mna protini inayozivuta zishikamane, zikawa nzito na kuzama. Shabu hufanya kazi kama hiyo. Tope likizama huondoka na vijidudu vingi, lakini si vyote. Aidha, maji yaliyotiwa mlonge yasiwekwe kupita siku moja, maana mabaki ya mbegu huyaharibu.

Jaribio la pili: chujio la mchanga

Kata kitako cha chupa kubwa ya plastiki na uigeuze, mdomo uwe chini. Ziba mdomo kwa pamba au kitambaa safi. Tia kokoto ndogo, kisha mchanga mnene, na juu yake mchanga laini. Mchanga uwe wa mtoni, uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi. Mchanga wa ufukweni una chumvi na utavuruga jaribio litakalofuata. Mimina maji ya tope polepole, ukikinga bilauri chini.

Maji yatatoka maangavu, watu watapiga makofi, na huenda mtu akanyoosha mkono ili anywe. Katibu asikubali. Mchanga umezuia chembe kubwa, lakini vijidudu ni vidogo sana kuliko nafasi zilizo kati ya punje na punje.

Pengine mwanachama atauliza, mbona miji mikubwa husafisha maji kwa mchanga? Swali hilo ni la haki. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, nchini Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona, uliopakana nao, ulichota maji katika mto ule ule wa Elbe, tena upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikuwa umekwisha kuingia. Hata hivyo Altona ilinusurika kwa kiasi kikubwa, kwa sababu maji yake yalichujwa kwa mchanga. Lakini chujio la Altona lilikuwa na tabaka nene la mchanga, maji yalipita polepole mno, nalo lilifanya kazi mfululizo. Chujio la namna hiyo huota utando wa viumbe hai wadogo juu ya mchanga, na utando huo husaidia sana kunasa na kula vijidudu. Chupa iliyotengenezwa asubuhi haina utando huo. Inatufundisha jinsi ya kuchuja, lakini maji yake hayajawa ya kunywa.

Jaribio la tatu: chumvi

Koroga vijiko viwili vya chumvi katika lita moja ya maji maangavu, uyamimine yote katika chujio lile lile. Chukua matone ya maji yaliyotoka mwisho, uyaweke juu ya sahani yenye rangi nyeusi na uyaanike juani. Yakikauka yataacha alama nyeupe. Chumvi imepita mchangani bila kuzuiwa, kwa kuwa imeyeyuka ndani ya maji yenyewe.

Sasa tia maji ya chumvi kidogo katika sufuria. Simamisha kikombe kizito katikati, maji yasikifikie mdomo. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kielekee kikombeni, na juu yake weka kitambaa kilicholowa. Chemsha kwa moto mdogo. Mvuke utagusa mfuniko, utapoa na kudondoka kikombeni. Anika matone yake: hayataacha alama ya chumvi. Wanaofanya kazi katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu wanaijua kanuni hii: maji huenda na jua, chumvi hubaki.

Hata hivyo, kikombe kimoja kimekula kuni nyingi. Kwa vyama vya pwani njia nafuu zaidi ni kukinga mvua, ambayo ni maji ya bahari yaliyokwisha kutengwa na chumvi bila gharama. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la ghala lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, ikinyesha mvua ya milimita 10, hupokea lita 2,000, ingawa kiasi fulani hupotea. Maji ya mwanzo yanayoosha paa yamwagwe, na yanayobaki yatibiwe kabla ya kunywewa.

Jaribio la nne: kuua vijidudu

Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita mbili, na uijaze maji yaliyotulizwa. Isimamishe juu ya ukurasa huu, uchungulie kutoka mdomoni. Ukiweza kusoma kichwa cha somo kupitia maji, yanafaa. Usipoweza, rudia jaribio la kwanza. Funga chupa, uilaze juu ya bati penye jua kali kwa saa 6; kukiwa na mawingu mengi, kwa siku mbili mfululizo. Mnururisho wa jua pamoja na joto huua vijidudu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Marekani mjini Beirut, wakiongozwa na Aftim Acra, walieleza njia hii katika miaka ya 1980. Siku za mvua tusiitegemee.

Njia nyingine mbili ni kuchemsha mpaka maji yatokote kwa nguvu kwa dakika nzima, na kutia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Tope lishughulikiwe kwanza, kwa sababu hukinga vijidudu dhidi ya jua na hudhoofisha klorini.

Mambo ya kukumbuka

Kila njia ina kazi yake. Kutuliza na kuchuja huondoa tope. Kuvukiza huondoa chumvi. Moto, jua na klorini huua vijidudu, lakini haviondoi chumvi. Mwisho, maji yaliyokwisha kutibiwa huharibika tena kwa mkono mchafu. Mtungi ufunikwe, na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Afadhali zaidi ni ndoo yenye bomba.

Maswali ya majadiliano

1. Maji ya kunywa ya ghala letu yanatoka wapi, na shida yake ni tope, chumvi au vijidudu?
2. Ni nani atakayekabidhiwa kuyatibu kabla ya siku ya kupima mazao?
3. Paa la ghala letu lina mita ngapi za mraba, na mvua ya milimita 10 ingetupatia lita ngapi?

Katibu aandike majibu katika kitabu cha kumbukumbu, na katika mkutano utakaofuata awaeleze wanachama ni lipi limetekelezwa.