Usinunue Jina la Dawa

Ndugu msomaji, unaponunua dawa hutazama nini kwanza? Wengi wetu hutazama jina na bei. Somo hili linaeleza kwa nini maandishi ya chupani lazima yakaguliwe na serikali. Tujifunze kwa yaliyotokea Marekani.

Kabla ya mwaka 1906, mtu yeyote huko aliweza kuchanganya dawa na kuandika juu ya chupa lolote alilotaka. Vilivyomo vilikuwa siri yake. Dawa moja ya kutuliza watoto wachanga, Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ilikuwa na mofini, ambayo hutokana na kasumba. Mama aliona mtoto ametulia, kumbe amelevywa. Wako ambao hawakuamka tena.

Tarehe 30 Juni 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa. Pombe, mofini na kokaini zikalazimika kutajwa kwenye kibandiko.

Hata hivyo sheria ilikuwa na tundu. Mtu mmoja wa Kansas City aliuza dawa akidai inatibu saratani. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kuwa sheria ilikataza uongo kuhusu vilivyomo, si uongo kuhusu kuponya. Mwaka 1912 sheria ilirekebishwa, lakini serikali ilipaswa kuthibitisha kuwa mwuzaji alikusudia kudanganya. Aliyejitetea kuwa aliiamini dawa yake, ilikuwa vigumu kumtia hatiani.

Mwaka 1937 yakatokea maafa. Dawa ya maji iitwayo Elixir Sulfanilamide ilitengenezwa kwa kuyeyushwa katika dayathilini glaikoli, sumu inayoharibu figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto. Serikali ilizikamata chupa kwa sababu ya neno moja tu: "elixir" ilimaanisha dawa yenye pombe, na hiyo haikuwa nayo. Kuuza dawa isiyopimwa usalama halikuwa kosa! Ndipo sheria ya mwaka 1938 ikataka usalama uthibitishwe kabla ya dawa kuuzwa.

Hatari hiyo haijakwisha. Mwaka 2022 nchini Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa, na dawa za maji zilizohusishwa na vifo hivyo zilikutwa na sumu ileile.

Nchini Tanzania, dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Nasi tuna wajibu wetu:

1. Nunua dawa katika duka lenye kibali, si kwa mchuuzi wa gulioni.
2. Soma jina la dawa, mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usiyejua kusoma, omba usomewe.
3. Dawa inayodaiwa kuponya kila ugonjwa, iache.
4. Mgonjwa akizidiwa baada ya kunywa dawa, mpeleke zahanati upesi pamoja na chupa yake.

Maswali ya kujadili

1. Sheria ya mwaka 1906 ilisaidia nini, na ilipungukiwa nini?
2. Kijijini kwenu, dawa zipi huuzwa bila kibandiko?