SOMO KWA WANANCHI: NAMNA YA KUKADIRIA UJIRA WA USAFI KATIKA NYUMBA ZINAZOKODISHWA WAGENI KWA MUDA MFUPI

Limekuwa jambo la kawaida hivi sasa, katika Mji Mkongwe na katika vijiji vya pwani kama Nungwi, Paje na Jambiani, kwa mwananchi mwenye nyumba au chumba cha ziada kukikodisha kwa wageni kwa siku mbili tatu, akiwapata wageni hao kwa njia ya intaneti. Miongoni mwa wakodishaji hao wamo pia watumishi wa Serikali, ambao saa za asubuhi wapo maofisini na hawawezi wenyewe kushika fagio pale mgeni anapoondoka. Hutafutwa basi mtu wa usafi, mara nyingi mama au kijana wa mtaani, na bei hukatwa mlangoni kwa neno moja: "Nitakupa elfu kumi na tano." Baada ya miezi miwili mtu yule haonekani tena, au anakuja akiwa amechelewa na anafanya kazi nusu nusu, mgeni analalamika, mwenye nyumba anahamaki, na mara nyengine shauri linafika kwa Sheha. Ukiichunguza kadhia hiyo utakuta kwamba pande zote mbili hazikuwahi kukaa kitako na kuhesabu.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba usafi wa nyumba ya wageni si sawa na usafi wa nyumba ya kukaa. Nyumba ya kukaa ikisalia bila ya kupigwa deki hadi jioni, hakuna kilichoharibika. Nyumba ya wageni, kwa kawaida, huachwa na mgeni saa nne za asubuhi na mwengine huingia saa nane za mchana. Katika saa hizo nne kila kitu hurejeshwa kama kwamba hapana aliyepata kulala humo: mashuka na foronya zibadilishwe, vyoo na bafu visuguliwe, jiko na friji lifutwe, mchanga wa pwani utolewe chini ya vitanda na katika mikunjo ya vyandarua, taka zitolewe, na vyombo vihesabiwe. Mwenye kufanya kazi hiyo anauza vitu viwili kwa pamoja, nguvu zake na uhakika wa wakati. Hicho cha pili ndicho ambacho wakodishaji wengi hukisahau wanapotaja bei.

Ama kuhusu hisabu yenyewe, uchukuliwe mfano wa nyumba ya vyumba viwili vya kulala huko Paje, na mtu wa usafi anayetoka kijiji chengine kwa gari ya abiria. Tarakimu zinazotumika hapa ni za kufundishia tu. Kila mmoja aweke za mahali pake. Tuseme mtu huyo ameridhika kwamba siku nzima ya kazi, yaani saa nane, impe Sh. 20,000. Kila saa yake basi ina thamani ya Sh. 2,500. Kazi ya ndani ya nyumba inachukua saa nne, ambazo ni Sh. 10,000. Safari ya kwenda na kurudi inachukua saa mbili, na saa hizo si zake tena kwa kuwa hawezi kuzifanyia shughuli nyengine, ni Sh. 5,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni Sh. 3,000. Sabuni, dawa za kusafishia, matambara na mifuko ya taka ni Sh. 2,500. Mashuka na taulo anakwenda kuvifua kwake: saa mbili za kufua, kuanika na kupiga pasi ni Sh. 5,000, na sabuni ya unga, maji na umeme wa tukuza yake mwenyewe ni Sh. 2,500. Jumla ni Sh. 28,000. Ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya ndoo na fagio zinazochakaa, na kwa siku ambazo mtu anaumwa na hapati kitu, inafika Sh. 30,800, ambayo kwa urahisi tuiite Sh. 31,000.

Sasa irejewe ile bei ya mlangoni ya Sh. 15,000. Ndani yake itoke nauli Sh. 3,000, vifaa Sh. 2,500 na gharama za kufulia Sh. 2,500. Zinabaki Sh. 7,000 kwa saa nane za kazi, safari na kufua, yaani Sh. 875 kwa saa. Hapo ndipo linapopatikana jawabu la kwa nini yule mama hakuonekana tena. Hakuwa mvivu wala hakuwa na jeuri. Alikuwa akichangia biashara ya mwenye nyumba kwa maji na umeme wa nyumbani kwake, bila ya mwenyewe kujua na bila ya mwenye nyumba kujua.

Si lazima kila mkodishaji atoe Sh. 31,000. Gharama zinaweza kupunguzwa kwa njia za haki. Mwenye nyumba akinunua mwenyewe sabuni na dawa na kuziweka kabatini, Sh. 2,500 zinaondoka. Akimchukua mtu wa kijiji hicho hicho anayefika kwa miguu, zinaondoka Sh. 8,000 za nauli na muda wa safari. Akiweka mashine ya kufulia hapo nyumbani, umeme na maji yanakuwa juu yake na muda wa kufua unapungua. Lisilofaa ni kuipunguza bei huku gharama zikibaki pale pale zilipokuwa, kwa kuwa lazima atokee mtu wa kuzibeba, na huyo siku zote ni yule mwenye uwezo mdogo zaidi.

Suala la nguo za kitandani linastahiki maelezo zaidi, kwani humo ndimo hisabu nyingi zinamoharibikia. Kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja iliyotandikwa, moja iliyo kwa dobi au kwenye kamba, na moja iliyo kabatini. Mwenye seti mbili ataweza wakati wa kaskazi, pale shuka linapokauka kwa saa chache. Mvua za masika zikiingia, shuka linaweza kukaa kwenye kamba siku nzima na bado likawa na unyevu, na shuka lenye unyevu likitandikwa hutoa harufu ya uvundo ambayo hakuna mgeni atakayeisamehe. Hapo mtu wa usafi analazimika kukaushia pasi, na umeme ni wake.

Yapo tena madoa. Wageni wengi hupakwa hina na piko pwani na hulala kabla ya kukauka sawasawa. Mafuta ya kujikinga na jua nayo huacha rangi ya manjano kwenye mashuka meupe. Doa la hina katika pamba ni vigumu sana kulitoa. Pande mbili zikubaliane mapema kwamba shuka lililoharibiwa na mgeni si deni la mtu wa usafi, ilimradi ameliripoti siku hiyo hiyo kabla ya kulitia majini. Baadhi ya wenye nyumba wamechagua kuweka taulo za rangi nyeusi kwa ajili ya pwani, nao wamefanya jambo la busara.

Nyumba za Mji Mkongwe zina hisabu yake mbali. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuta zake nyingi ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Dawa kali za choo zenye asidi hula chokaa, na maji mengi yakimwagwa sakafuni juu huteremka hadi kwenye boriti na dari ya chini. Kazi hiyo hutaka tambara lililokamuliwa, mkono mwepesi na muda zaidi. Na ndoo za maji hupandishwa ngazi zilizosimama wima. Kumlipa mtu bei ya nyumba ya chini ya Paje kwa nyumba ya ghorofa tatu ya Shangani ni kumtaka aharakishe, na kuharakisha humo kunaweza kuharibu kisichotengenezeka kwa bei ya usafi wa mwaka mzima. Aidha, inakumbushwa kwamba dawa ya klorini ya kutakatishia isichanganywe asilani na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoka hewa ya sumu, na vyoo vya nyumba hizo mara nyingi ni vidogo visivyo na madirisha ya kutosha.

Upande wa mwenye nyumba nao una hisabu yake. Usafi wa kugeuza nyumba ni gharama ya kila mgeni anayeondoka, haifuati idadi ya usiku aliolala. Mgeni mmoja akikaa usiku sita, gharama ni Sh. 31,000 mara moja, sawa na Sh. 5,200 hivi kwa kila usiku. Wageni watatu wakikaa usiku mbili mbili katika siku hizo hizo, gharama ni Sh. 93,000, sawa na Sh. 15,500 kwa usiku. Mkodishaji aliyeingiza gharama hiyo ndani ya bei ya kulala kwa kukisia kwamba wageni watakaa wiki nzima, na badala yake akapata wa usiku mmoja mmoja, atajikuta anataka kuikata kwenye ujira wa usafi. Ziko njia mbili: kutoza usafi peke yake, jambo ambalo huduma kubwa za kukodisha kwa intaneti zinaliruhusu, au kuweka idadi ndogo kabisa ya usiku anaopaswa mgeni kukaa. Anayetoza peke yake akumbuke kwamba mgeni wa usiku mmoja ataiona tozo hiyo kuwa nzito na huenda akapita nyumba ya pili. Nyumba ndogo za chumba kimoja hufaidika zaidi kwa njia ya pili.

Pale nyumba inapokuwa kubwa na saa nne hazitoshi, waitwe watu wawili. Saa za kazi kwa jumla hazibadiliki, lakini nauli na muda wa safari huwa mara mbili, na tofauti hiyo ailipe mwenye nyumba kwa kuwa ndiye aliyeuza saa nane za mchana kwa mgeni. Vivyo hivyo, mgeni akivunja safari usiku na mtu wa usafi akaarifiwa asubuhi hali ameshafika, alipwe nauli na angalau nusu ya ujira. Miezi ya Aprili na Mei, ambapo wageni ni wachache, yafaa pakubaliwe kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya kufungua madirisha, kuangalia ukungu ukutani na kuanika magodoro. Nyumba iliyofungwa masika nzima hugharimu zaidi kuifufua mwezi wa Juni.

Lipo pia suala la sheria. Mtu anayekuja siku anayoitwa, akahudumia nyumba kadhaa na kujipangia kazi yake, ni mtoa huduma. Anayekuja kila siku kwa amri ya mwenye nyumba mmoja, kwa saa alizopangiwa, yuko karibu zaidi na kuwa mwajiriwa, na hapo masharti ya Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 pamoja na michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar huingia. Wasiokuwa na uhakika wa hali yao waulize katika ofisi inayoshughulikia kazi kabla ya kuanza, kuliko baada ya kugombana.

Makubaliano yaandikwe katika daftari la kurasa mbili zinazofanana, kila upande ukabaki na nakala yake. Yatajwe idadi ya vyumba na vitanda, nani ananunua sabuni, wapi nguo zinafuliwa, saa ya kuingia na kutoka, bei ya siku ya kawaida na ya siku iliyovunjwa, na siku ya malipo. Kwa mara tatu za mwanzo mtu wa usafi aandike saa aliyoanza na saa aliyomaliza; ikionekana kwamba kazi ya saa nne imechukua sita kila mara, bei ihesabiwe upya tangu mwanzo wa mwezi unaofuata.