Siti binti Saad, Mwimbaji Aliyetoka Shamba

Katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa wako akina mama wanaojua kufinyanga. Huchimba udongo, huuponda, huufinyanga, kisha huchoma vyungu kwa moto wa kuni. Lakini kazi bado haijaisha. Vyungu hubebwa kichwani mpaka sokoni, na njiani kuna mawe na mashimo. Mama akijikwaa mara moja tu, kazi ya wiki nzima imekwisha.

Habari hii ni ya mama mmoja aliyeanza maisha yake kwa kazi hiyo. Baadaye alikuwa mwimbaji mkubwa, na sauti yake ilisikika nchi nyingi.

Alizaliwa mnamo mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja. Asili ya baba yake ni Unyamwezi, na asili ya mama yake ni Uzigua. Kwa hiyo jamaa zake walikuwa watu wa bara kama sisi. Wazazi wake walimwita Mtumwa. Jina hilo halikuwa mzaha, kwa sababu wakati ule watu walikuwa bado wanamilikiwa kama mali. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wakati msichana huyu alikuwa tayari mtu mzima.

Wazazi wake walikuwa maskini. Walilima, na walifinyanga vyungu. Mtumwa hakwenda shule. Alijifunza kufinyanga, na alipokua alivipeleka vyungu mjini kuviuza. Njiani na mitaani alivitangaza vyungu vyake kwa kuimba. Inasemekana sauti yake ilikuwa na nguvu sana, hata watu walijua anakuja kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 aliacha Fumba akahamia mjini. Hapo ndipo alipopata walimu. Wapiga muziki wa mjini walisikia sauti yake wakaona ni sauti ya kufundishwa. Walimfundisha kuimba kwa kufuata udi, fidla na dafu. Udi na fidla ni ala za nyuzi, na dafu ni ngoma ndogo ya mkononi. Akapewa pia jina jipya, Siti, maana yake ni bibi mwenye heshima. Mtumwa akawa Siti.

Wakati ule taarabu ilikuwa muziki wa jumba la Sultani na wa watu wakubwa. Iliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji walikuwa wanaume. Siti alijifunza nyimbo za Kiarabu kwa kusikiliza, neno baada ya neno, mpaka zikakaa kichwani. Hakuwa na daftari. Wewe unayejifunza kusoma ukiwa mtu mzima unajua kazi ya kukumbuka ilivyo, maana umeifanya miaka yote: madeni, tarehe, maneno ya mkutano, yote kichwani. Siti alifanya hivyo kwa nyimbo nyingi mno.

Lakini sifa yake kubwa zaidi ni kwamba aliimba taarabu kwa Kiswahili, hata mpishi, mchukuzi na muuza samaki wakaielewa. Usiku watu walikusanyika nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo, wakasikiliza. Wapiga muziki wenzake walikuwa Subeti bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaban na Mbaruk. Walizungumza habari za siku ile: nani kaonewa, nani kafungwa, nani kadhulumiwa. Kisha walizitungia nyimbo. Kwa watu ambao hawakujua kusoma, nyimbo hizo zilikuwa gazeti.

Wimbo mmoja unajulikana mpaka leo. Unaitwa Kijiti. Unasimulia habari ya kweli ya miaka ya 1920. Mwanamke mmoja mjamzito alitoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja. Akatoka kwenda kustarehe pamoja na wenyeji wake, na katika watu hao alikuwako mwanamume aliyeitwa Kijiti. Mwanamume huyo alimshika kwa nguvu akamwua, kisha akatoroka kwenda bara. Wanawake wawili waliokuwa wenzake wa marehemu walikwenda mahakamani kutoa ushahidi. Mahakama ikawatia hatiani wao, kwa kosa la pombe! Muuaji yuko bara, mashahidi wameadhibiwa. Watu wengi wa mjini waliona uchungu, lakini nani angeweza kumwambia hakimu? Siti aliuimba uchungu huo, na wimbo ukaenea.

Si kila mtu alimpenda. Waimbaji wengine walimcheka kwa nyimbo. Walisema ametoka shamba, amekuja mjini amevaa kaniki, yaani ile nguo nyeusi ya maskini. Walisema pia kuwa si mzuri wa sura. Siti hakugombana nao. Aliwajibu kwa wimbo, akiwaambia kwamba sura nzuri bila akili haifai kitu. Nadhani jibu hilo liliwauma kuliko matusi.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli mpaka Bombay, nchini India. Huko kampuni ya His Master's Voice ilizinasa nyimbo zao kwenye sahani za santuri. Santuri ilikuwa mashine ya kuchezea nyimbo. Ulizungusha mkono wake kama unavyozungusha mashine ya kusaga, ukaweka sahani nyeusi juu yake, na sauti ikatoka. Kabla ya hapo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyekuwa amenaswa sauti kwa sahani za kuuzwa. Sahani zake zilinunuliwa sana, na zikapigwa katika mikahawa ya mwambao.

Kwa nini kampuni kubwa ya Uingereza imtafute mfinyanzi wa Fumba? Sababu ni biashara. Mtu hanunui santuri kama hana sahani za nyimbo anazozielewa. Hata Marekani ilikuwa hivyo. Mwaka 1927, katika mji mdogo wa Bristol, kampuni nyingine iliwaita waimbaji wa mashambani na milimani. Mmoja wao alikuwa Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Sahani zake zilifika hata Kenya. Wakipsigis walimpenda wakamtungia wimbo wao wenyewe, na jina lake wakalitamka Chemirocha. Kwa hiyo katika miaka ile ile, watu wa shamba wa nchi mbili za mbali waliingia katika sahani kwa mlango mmoja.

Siti aliendelea kuimba mpaka uzeeni. Kabla hajafa, mwandishi Shaaban Robert alimwendea. Siti alisimulia maisha yake, naye Shaaban Robert akayaandika. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitolewa mwaka 1958. Wanafunzi wengi wa Tanzania wamekisoma shuleni. Mwaka 1988 chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilianzisha gazeti la wanawake, wakaliita Sauti ya Siti.

Mazungumzo ya darasani

Siti alibadilishwa jina kutoka Mtumwa kuwa Siti. Je, kijijini kwenu wako watu waliobadili majina yao? Kwa sababu gani?

Wimbo wa Kijiti ulisema jambo ambalo mahakama haikulisema. Taja wimbo mmoja wa ngoma ya hapa kwetu uliotungwa kwa habari ya kweli. Ulimsema nani? Alifanya nini baada ya kuusikia?

Mwombe mzee mmoja anayejua nyimbo za zamani akuimbie mmoja. Uandike katika daftari, ubeti kwa ubeti. Andika pia jina la mzee na tarehe. Usomee darasa kipindi kijacho, na mzee awepo asikie kama umeandika sawa.